Tiketi si Sadaka

Katika mji wetu wa Buseresere lipo neno moja linaloingia nyumba yoyote bila kupiga hodi, nalo ni neno "msaada". Mtu akisema anachangisha kwa ajili ya yatima, au wodi ya wazazi, au paa la nyumba ya ibada, basi hapatikani tena wa kumwuliza barua yake iko wapi, nani kamtuma, na hesabu itasomwa lini. Anayeuliza huonekana ana roho mbaya. Mimi katika insha hii nimekusudia kuuliza, na kama kuuliza ndiyo roho mbaya, basi nihesabiwe humo.

Jambo lenyewe ni bahati nasibu za hisani. Nazungumzia kwaya, timu za mpira, kamati za shule, vyama vya kusaidiana na mashirika yasiyo ya kiserikali, wanaochapisha tiketi, wakaweka zawadi mbele ya watu, mbuzi, godoro, bando la bati, na wakijitutumua sana pikipiki, kisha wakaziuza tiketi hizo kwa ahadi kwamba faida itakwenda kwenye jambo jema. Nasema kwamba wote hao, bila kumsamehe hata mmoja kwa utakatifu wa jina lake, hawana budi kuwa na kibali na kutoa hesabu. Na nasema vile vile kwamba kibali hicho kiwekwe mahali ambapo mtu wa Buseresere atakifuata kwa nauli ya mchomoko na kurudi nyumbani jioni. Wapo wanaokubali la kwanza na kulikataa la pili. Hao wengi wao wana ofisi. Wapo wanaolilia la pili na kulikimbia la kwanza. Hao wengi wao tunasali nao.

Tuanze na hao tunaosali nao. Hoja yao ni nyepesi na inapendeza masikioni. Wanasema anayenunua tiketi anatoa sadaka, na sadaka ni jambo kati ya mtu na Muumba wake, kwa hiyo serikali haina la kufanya hapo. Wanaongeza kwamba kuomba kibali kwa ajili ya kazi njema ni sawa na kuomba ruhusa ya kumpa mgeni maji ya kunywa.

Tusidanganyane. Aliyetoa shilingi 1,000 kwa ajili ya tiketi ya pikipiki alikuwa anaitazama pikipiki. Huenda pia aliwafikiria yatima, sikatai, moyo wa binadamu una vyumba vingi. Lakini ondoa pikipiki pale mezani uone ni wangapi watabaki kwenye foleni. Mtu yule ameuziwa kitu. Ameuziwa nafasi moja kati ya nafasi kadhaa, na anayo haki ya kujua kadhaa hiyo ni ngapi, kama vile anayenunua kilo ya sukari alivyo na haki ya kilo nzima. Mwenye duka la sukari mizani yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, hata kama faida yote ya duka anasomeshea yatima. Sijapata kumsikia mwenye duka akisema mizani yake isikaguliwe kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa.

Harambee ni kitu kingine, na ninaitetea. Katika harambee mtoaji anasimama, jina lake linatajwa kwenye kipaza sauti, kiasi chake kinaandikwa, na jirani yake anasikia. Mshereheshaji akitangaza jumla, waliotoa wanaweza kujumlisha wenyewe vichwani mwao. Ukiahidi usitoe unaaibika, na mweka hazina akila fedha anaaibika zaidi. Ulinzi wa harambee ni aibu, na aibu katika miji midogo kama wetu bado ina nguvu. Sasa chukua tiketi. Mnunuzi hana jina. Ni namba tu kwenye kijikaratasi, tena pengine aliuziwa njiani na kijana asiyemjua, kituo cha mabasi, akiwa safarini kwenda Biharamulo. Hawezi kuja kwenye mkutano kuuliza. Hajui hata kama mkutano upo. Ule ulinzi wa aibu haumfikii, ndiyo maana hapana budi awekewe ulinzi mwingine.

Wala sisi wa ukanda huu wa dhahabu si watu wa kufundishwa bahati ni nini. Kutoka Buseresere ukivuka tu mpaka wa wilaya uko Katoro, na mbele yake ni Rwamagasa na Nyarugusu, ambako vijana wetu wanashuka kwenye duara wakijua kwamba wanaweza kutoka na mawe matupu baada ya miezi. Hiyo ni bahati nasibu kubwa kuliko zote, na tiketi yake ni uhai. Lakini angalieni wanavyofanya mawe yanapotoka. Viroba vinahesabiwa mchana, mbele ya mwenye shamba, mwenye duara na wachimbaji, kila mmoja akitazama fungu la mwenzake kwa jicho kali. Hakuna anayesema, "Mimi ni mcha Mungu, niachieni nihesabu viroba peke yangu usiku." Akisema hivyo atapigwa. Watu hao hao, wakipanda juu na kuvaa mashati ya Jumapili, wanakubali pipa la tiketi lifunguliwe nyuma ya pazia.

Nieleze kidogo jinsi pipa linavyoweza kula, maana wengi hudhani wizi wa bahati nasibu unahitaji utaalamu. Hauhitaji. Njia ya kwanza ni kutochapisha namba, au kuchapisha vitabu viwili vyenye namba zile zile, hivyo hakuna ajuaye zimeuzwa tiketi 2,000 au 5,000. Njia ya pili ni kutumbukiza ndani ya pipa vishina vya tiketi ambazo hazikuuzwa. Hii ndiyo tamu zaidi, kwa sababu kishina kisichouzwa kikiokotwa, zawadi inabaki kwa mwenye pipa, naye husimama mbele ya watu na kusema kwa huzuni kwamba mshindi hakujitokeza. Njia ya tatu haina hata haja ya pipa: ni kuahirisha. Siku ya droo inasogezwa mwezi mmoja, kisha miwili, hadi watu wanazitupa tiketi zao au wanazifulia kwenye suruali.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, kiliuza tiketi katika eneo letu kwa ajili ya kazi ya hisani. Droo iliahirishwa mara tatu. Ilipofanyika, namba iliyotoka haikuwa na mwenyewe, na ng'ombe aliyekuwa zawadi akarudi zizini kwa mmoja wa waandaaji "kumtunza". Nilimwuliza mhusika swali moja tu: mlichapisha tiketi ngapi? Alinijibu kwa upole mkubwa, "Mzee wangu, kazi ya Mungu haihesabiwi." Nilijua hapo hapo kwamba imehesabiwa, na tena vizuri.

Kwa wale wasiopenda maneno matupu, tupige hesabu ya mfano. Tiketi 3,000 kwa shilingi 1,000 ni shilingi 3,000,000. Zawadi zote tuseme zimegharimu 1,200,000. Uchapaji 150,000. Wauzaji wamepewa shilingi 100 kwa kila tiketi, hiyo ni 300,000. Mshereheshaji, viti, muziki na chakula cha wageni waalikwa, 350,000. Kinachobaki ni milioni moja kamili, yaani theluthi moja ya fedha yote. Je, hiyo ni haki? Mimi naona ni haki, na waandaaji hao wapewe pongezi. Lakini ongeza mgeni rasmi mmoja na posho zake, ongeza fulana, ongeza kikao cha tathmini, na ile milioni inayeyuka bila mtu yeyote kuiba. Yatima aliyepigwa picha kwenye tiketi atabaki na picha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wala hawakubagua mali ya kanisa na mali ya dukani.

Kuna jambo la dini ambalo lazima niliguse, ingawa kwa uangalifu. Tiketi ya kwaya haiuzwi kwa wanakwaya peke yao. Inauzwa sokoni. Sokoni kuna Mwislamu ambaye kwake kamari ni haramu hata ikibatizwa jina la hisani. Kuna Msabato na mwumini wa AIC ambao wengi wao hawaigusi bahati nasibu. Kuna mzee ambaye hana dini kati ya hizi zetu na anaheshimu mizimu ya ukoo wake. Kwa wote hao, neno "ni ya Mungu" si dhamana, ni dai la jirani. Mwezi Februari 2013 mji wetu ulitajwa nchi nzima kwa sababu ya mzozo wa nani achinje nyama inayouzwa buchani, na mchungaji mmoja aliuawa. Sisemi tiketi zitaleta balaa kama hilo. Nasema sisi, kuliko watu wa miji mingine, tunayo sababu ya kutaka mambo ya sokoni yawe na mdhamini ambaye wote tunamtambua.

Na wala si Buseresere tu. Tunaikumbuka DECI. Watu walipanda mbegu, kama walivyoita wenyewe, wakisubiri kuvuna mara mbili na zaidi. Lugha ilikuwa ya ibada, na baadhi ya viongozi waliitwa wachungaji. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za umma bila leseni. Haikuwa bahati nasibu, najua. Lakini aliyepoteza ada ya mwanawe hakuulizwa kama alipoteza kwa upatu au kwa pipa. Alichoamini kilikuwa kile kile, kwamba anayeomba kabla ya kuhesabu hawezi kudanganya.

Basi sheria inasemaje? Nchi yetu haikulala. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1967 kuhusu bahati nasibu na michezo ya aina hiyo, kisha mwaka 1974 ikaja sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa, ile ambayo wazee wenzangu wanaikumbuka. Zote mbili zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya Wizara ya Fedha. Tangu hapo, anayetaka kuendesha mchezo wa kubahatisha kwa umma anatakiwa awe na leseni ya Bodi. Wema wa kusudi hauondoi sharti hilo. Kuandikishwa kama shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, au kama chama cha kijamii, au kuwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, ni jambo jingine kabisa: cheti hicho kinasema ninyi ni nani, hakisemi mnaruhusiwa kuuza bahati. Nimekutana na viongozi wa vikundi, watu wasomi, wanaodhani cheti cha usajili kinatosha kwa kila kitu, kama vile mwenye cheti cha ndoa anavyoweza kudhani hahitaji leseni ya udereva.

Wala nisieleweke kwamba naiabudu leseni. Leseni peke yake haijapata kumshiba yatima. Ireland mwaka 1930 iliruhusu kwa sheria bahati nasibu kubwa ya kuchangia hospitali, na tiketi zake zikauzwa Uingereza na Marekani, mara nyingi kwa magendo. Ilidumu hadi mwaka 1987. Hospitali zilijengwa, ndiyo, lakini walioiendesha walitajirika kupita kiasi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sheria yao ya mwaka 1966, iliyowataka waendeshaji wa bahati nasibu za umma watoe robo ya mauzo kwa jambo jema, kabla ya sheria hiyo kubadilishwa na nyingine mwaka 2025. Robo ni kipimo kizuri, ila kinahitaji mtu wa kupima. Na Afrika Kusini, ambako fedha ya bahati nasibu ya taifa hugawiwa kwa mashirika ya hisani, ilifika mahali mwaka 2020 Rais akakiamuru Kitengo Maalumu cha Uchunguzi kuichunguza Tume ya Bahati Nasibu yenyewe, baada ya waandishi wa habari kufichua fedha za vituo na nyumba za wazee zilizokwenda kwa watu binafsi. Huko kila kitu kilikuwa na mhuri. Kilichokosekana ni mtu wa kijiji kile kile kusimama na kusema: mbona kituo chenyewe sikioni?

Hapo ndipo nageukia wenye ofisi.

Nendeni sokoni hapa Buseresere, au kaeni kibarazani mwa duka lolote pale njia panda. Mtaliona dubwi. Linawaka taa, linaimba, na linameza sarafu ya shilingi 200. Sheria inasema aliye chini ya miaka 18 asicheze, na dubwi halina macho ya kuona miaka. Lina leseni, au linapaswa kuwa nayo, na mwenye nalo ana mwanasheria, ana mhasibu na ana mtu wa kufuatilia karatasi. Mwaka 2025 nayo Bahati Nasibu ya Taifa imerudi, ikiendeshwa na kampuni ya Ithuba. Kampuni haishindwi na fomu. Sasa mfikirieni mama wa kikundi cha akina mama ishirini wanaotaka kununua kitanda cha kujifungulia kwa ajili ya zahanati. Wameona wafanye bahati nasibu ya mbuzi wanne. Mauzo yote hayatafika shilingi milioni mbili. Mama huyo anaambiwa mlango wake ni ule ule wa mwenye madubwi mia: Bodi ya taifa. Hata kama fomu zinapatikana kwa simu, uamuzi unafanywa na watu ambao hawajawahi kuiona zahanati hiyo, hawamjui mwenyekiti wake, na kwao faili la mbuzi wanne ni usumbufu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika jambo hili nyoka wawili wanapona kwa mpigo: tapeli anaendelea kwa sababu hakuna wa kumkamata karibu, na mama mwaminifu anakata tamaa, au anafanya bila kibali na kugeuka mvunja sheria kwa ajili ya kitanda cha uzazi.

Waingereza, ambao walitawala hapa na kutuachia mambo mengi ya ovyo, hili wamelipanga vizuri kwao, na sioni aibu kulisema. Kwa sheria yao ya mwaka 2005, shirika la hisani, klabu ya michezo au chama kisicho cha faida kikitaka kuendesha bahati nasibu ndogo hakiendi kwenye tume ya taifa. Kinajiandikisha kwenye halmashauri ya mahali pake kwa ada ya pauni 40, na kila mwaka unaofuata pauni 20. Udogo umepimwa kwa tarakimu: mauzo ya droo moja yasizidi pauni 20,000, na ya mwaka mzima yasizidi pauni 250,000. Ukivuka hapo ndipo unakwenda kwa Tume ya Kamari ya nchi. Angalau asilimia 20 ya mauzo iende kwenye lile jambo jema. Tiketi lazima ioneshe jina la chama, bei, jina na anwani ya mwenye dhamana, na siku ya droo. Na baada ya droo, ndani ya miezi mitatu, chama kinapeleka halmashauri taarifa ya mapato na matumizi iliyotiwa saini na wanachama wawili watu wazima walioteuliwa kwa maandishi. Kama ni bahati nasibu ya kwenye sherehe tu, inayouzwa pale pale ukumbini, hawadai hata usajili. Wanaweka ukomo wa fedha inayoruhusiwa kukatwa kwa gharama na zawadi, basi.

Mtu ataniambia, "Hayo ni ya Ulaya." Haya, tuje nyumbani. Sheria yetu ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliweka vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, VICOBA na wenzao, katika daraja la nne. Benki Kuu ya Tanzania, chombo kizito kuliko vyote katika mambo ya fedha, haikusema kila kikundi cha wanawake thelathini kiende kwa Gavana. Ilikasimu kazi ya kuvisajili na kuvisimamia kwa serikali za mitaa. Afisa wa halmashauri anapokea katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na majina ya viongozi, na kikundi kinapata cheti. Ikiwa Benki Kuu imeweza kuiamini halmashauri kwa akiba za wananchi, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ina hofu gani kuiamini kwa mbuzi wanne?

Jibu la hofu hiyo nalijua, na nitalisema mwenyewe kabla hawajalisema. Watasema halmashauri zenyewe si malaika. Watanionesha mikopo ya asilimia 10, ile ya wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na wenye ulemavu asilimia 2 ya mapato ya ndani, ambayo mwaka 2023 serikali iliisimamisha kwa sababu fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa hewa, hadi ilipofunguliwa upya mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine. Ni kweli. Afisa anayeandikisha kikundi hewa ili kipate mkopo ataandikisha pia bahati nasibu hewa, na huenda akapewa mbuzi mmoja.

Ndiyo maana siridhiki na saini ya afisa. Nataka hesabu isomwe mbele ya watu. Tayari tunao mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unapaswa kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kikundi kilichouza tiketi katika kijiji kije hapo. Kisome: tulichapisha tiketi namba 1 hadi namba 2,000, tuliuza 1,640, hizi hapa 360 zilizobaki na vishina vyake, havikuingia kwenye pipa, zawadi zimegharimu kiasi hiki, gharama nyingine kiasi hiki, kitanda kimenunuliwa, mganga wa zahanati yuko hapa aseme kama amekipokea. Dakika kumi zinatosha. Sungusungu wetu, kabla ya kuwa na sheria yoyote ya kuwatambua, walikuwa wakitoa taarifa za faini na ng'ombe waliokamatwa mbele ya mkutano wa hadhara, wazee ambao hawakujua kusoma wakikumbuka kila dume kwa rangi yake. Uwezo huo haukupotea. Tumeacha tu kuutumia pale fedha inapokuja imevaa joho.

Kuna ndugu mmoja, msomi na mwumini safi, aliyesoma rasimu ya insha hii akanilaumu kwamba ninawavunja moyo wanaojitolea. Alisema: ukiwadai watu hesabu kwa kila tiketi, mwisho hakuna atakayejitolea, na zahanati itabaki bila kitanda. Nilimwuliza katika parokia yao mavuno ya shamba la kanisa huandikwa au hayaandikwi. Akasema huandikwa, gunia kwa gunia. Nikamwuliza kama wanaolima wamevunjika moyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mahindi ni tofauti. Hadi leo namsubiri anieleze tofauti yenyewe ni ipi.

Kwa Bodi ombi langu ni dogo: waweke ukomo, tuseme bahati nasibu yoyote ya hisani yenye mauzo chini ya shilingi milioni tano, wakasimu usajili wake kwa halmashauri, fomu iwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili kinachoeleweka, ada isizidi bei ya mbuzi, na jibu litoke ndani ya siku 14. Iliyo juu ya hapo wabaki nayo wenyewe. Kwa mtendaji wa kata: daftari moja la jalada gumu, liwe juu ya meza ambapo mtu yeyote anayeingia anaweza kulifungua. Na kwa wewe unayeuziwa tiketi kesho pale stendi, kabla hujatoa noti yako ya 1,000, igeuze tiketi uitazame. Kama haina namba, haina jina la mtu wala siku ya droo, mrudishie kijana karatasi yake. Kama moyo umekugusa kweli kwa ajili ya yatima, mwulize wanakaa wapi, umpelekee mwenyewe.